Kukagua samaki na wanyamapori kuzunguka mgodi: mwongozo kwa anayeanza, Lindi na Mtwara

Kiangazi kikianza tu, simu zinaanza. Kijana kamaliza chuo, kapata kibarua cha kukusanya takwimu za tathmini ya athari kwa mazingira, kaambiwa aende Ruangwa au Nachingwea "akaangalie samaki na wanyama". Au ni mjumbe wa kamati ya maliasili, amesikia mgodi unakuja, anataka kijiji kiwe na daftari lake mapema. Maswali ni yaleyale: naanzia wapi, nitege nyavu gani, nisipopata kitu niandike nini. Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo yasome hapa.

Neno kuhusu makaa ya mawe, maana wengi mnaulizia hayo. Makaa yanachimbwa kwa jirani zetu wa Ruvuma, kule Ngaka, Mbinga. Sisi tunayaona kwenye malori yakipita Tunduru na Masasi kwenda bandari ya Mtwara. Huku kwetu kuna kinywe (grafaiti), jasi, mawe ya chokaa na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Namna ya kukagua ni ileile. Kinachobadilika ni unachokitafuta ndani ya maji, na hilo nitalisema likifika mahali pake.

Jambo moja tu lishike kuanzia sasa: kila namba unayoandika iende na jasho lake. Umeona nyayo 7 za pongo? Sawa, kwa kutembea kilomita ngapi? Umepata perege 12? Kwa nyavu ngapi, usiku mangapi? Kwenye fomu zangu kuna safu nimeiandika "JASHO". Wasomi wana neno lao zuri zaidi, lakini hili halisahauliki.

Kabla hujatoka nyumbani

Vibali kwanza. Tathmini ya mgodi inasimamiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wewe unakusanya takwimu chini ya jina lake, kwa hiyo akupe barua. Kwa kuvua, muone afisa uvuvi wa wilaya, kwa sababu baadhi ya nyavu za kukagulia zina macho madogo kuliko yanayoruhusiwa kwa mvuvi wa kawaida. Kwa wanyamapori, muone afisa wanyamapori wa wilaya. Ukigusa pori la akiba, mfano Msanjesi au Lukwika-Lumesule, hapo ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Halafu shuka kijijini: mtendaji, mwenyekiti, kamati ya maliasili. Usiruke ngazi hii hata kama una barua ya mkoa. Barua ya mkoa haikuonyeshi njia ya kwenda mtoni.

Vifaa:

- Daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino ikilowa, kazi ya siku nzima imekwenda.
- Simu yenye GPS na pawabanki mbili.
- Kipima pH (kiwango cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) na kipima chumvichumvi za maji (wengine wanakiita EC), pamoja na maji yake ya kukisawazishia.
- Nyavu za macho tofauti, kuanzia inchi 1 hadi 4, kimia kimoja cha kurusha kwa mkono, migono (mitego ya samaki ya kusuka) mitatu au minne ya kununua kwa mafundi wa kijijini.
- Mizani ndogo, rula, ndoo mbili nyeupe, chujio la plastiki.
- Kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, kama mradi umekupa. Hakuna? Kazi inafanyika.
- Gambuti, reflekta na kofia ngumu. Getini mwa mgodi hawakuruhusu bila hivyo.
- Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Bluu na nyeusi zinaita ndorobo, na ndorobo wa Liwale hawana utani.

Nyongeza kuhusu afya: mito na mabwawa yetu yana kichocho. Ukiingia majini, ingia na gambuti, na ukimaliza msimu nenda kapime.

Hatua ya 1: Fuata maji kwanza

Wengi wanaanza na shimo la mgodi. Anza na mvua. Chukua picha ya setilaiti, ichapishe kwenye karatasi kubwa, weka alama kwenye shimo, lundo la kifusi, bwawa la topesumu (tope la mabaki ya kiwanda cha madini), kiwanda, kambi na barabara. Kisha jiulize: mvua ikinyesha juu ya kila alama, maji yanaelekea wapi? Yafuate kwa penseli korongo kwa korongo hadi yafike mto wenye jina. Maji mengi ya Ruangwa na Nachingwea huishia ama Mbwemkuru ama Lukuledi, na Lukuledi unamwaga kwenye ghuba ya Lindi, penye mikoko. Mgodi ulio kilomita nyingi kutoka pwani unaweza kuwa na habari na wavuvi wa pwani.

Angalia sana ramani za zamani. Ramani nyingi za karatasi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukichanganya, unakosea kwa karibu mita 300. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka watu wanne kutafuta kijito, tukaishia katikati ya shamba la mikorosho la bibi mmoja aliyetuuliza kama tumetumwa na watu wa mnada. Andika juu ya kila fomu: WGS84, kanda ya 37 Kusini.

Hatua ya 2: Chagua vituo

Kwa mgodi mmoja wa wastani usiwe na vituo vya maji chini ya sita. Viwili juu ya mgodi, ambako maji hayajakutana nao. Kimoja karibu kabisa chini yake. Kingine mbele kidogo, na kimoja mbali zaidi, baada ya kijito kingine kuingia. Cha sita kiwe kwenye mto wa jirani usio na mgodi kabisa. Hicho cha sita ndicho vijana wanakiruka ili wapunguze nauli, na ndicho kitakachokuokoa miaka mitatu baadaye samaki wakipungua kila mahali kwa sababu ya ukame tu.

Linganisha vinavyofanana: kina kwa kina, maji ya kasi kwa maji ya kasi. Ukivua kwenye kina kirefu huku juu na kwenye mchanga mtupu kule chini, umelinganisha sehemu za mto, mgodi haumo.

Halafu kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ugenini havilisemi. Sisi tunapuliza salfa kwenye mikorosho. Kiangazi kikiingia, asubuhi zinanuka salfa kutoka Newala hadi Ruangwa. Salfa ikikaa kwenye udongo miaka na miaka inaufanya kuwa na tindikali. Ukiweka kituo chako cha kulinganishia kwenye kijito kinachopita katikati ya mikorosho, utapata pH ya chini ambayo mgodi hauhusiki nayo. Au kinyume chake: mgodi utasema "hata juu yetu pH ilikuwa chini". Andika umbali wa kila kituo hadi shamba la karibu, na kama limepulizwa lini. Hivyo hivyo kwa mafulio. Mahali akina mama wanapofulia si kituo cha kulinganishia, hata kama pana kivuli kizuri cha kukaa.

Hatua ya 3: Keti na wanaoujua mto

Hatua hii usiiharakishe. Siku mbili nzima, bila kamera, bila fomu mkononi. Watu wanaogopa: mvuvi anadhani umetumwa kuchukua nyavu zake, na aliyewahi kuwinda anadhani wewe ni askari. Usiulize nani anawinda. Huhitaji kujua, na ukijua umejitafutia mzigo.

Nitakupa mfano wa mazungumzo yaliyonifundisha. Nilimkuta mzee mmoja anasuka mgono chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutukataza kuvua?"

"Hapana, babu. Nimekuja kujifunza majina ya samaki wa mto wenu."

Akacheka. "Basi kaa, maana ukisimama mbu watakumaliza."

Akachukua kijiti, akachora mchangani. Wa kwanza ana ndevu: kambale, huyo hata mimi namjua. Wa pili bapa: perege. Wa tatu mrefu kama kamba, na akamchora akipanda mto. "Huyu wengine hawamli, wanasema nyoka. Zamani alikuwa mwingi, akija na maji ya kwanza." Alikuwa anazungumzia mkunga wa maji baridi. Samaki huyu anazaliwa baharini, anapanda mto akiwa mdogo mwembamba, anakulia huku bara, kisha anarudi baharini kuzaa. Mgodi ukiziba mto kwa bwawa, mkunga ndiye wa kwanza kupotea, na asingeingia hata mara moja kwenye nyavu zangu za siku nne. Mzee yule alinipa samaki ambaye nisingempata kwa vifaa vyangu vyote.

Uliza hivi: samaki gani mlikuwa mnampata ambaye siku hizi hayupo? Maji yakikauka, samaki wanajificha wapi? Wanapanda lini? Wanyama gani wanakuja kunywa usiku, na wanapita njia gani? Tembo mara ya mwisho wameonekana lini? Kwa tarehe, tumia kalenda ya watu: kabla ya mavuno ya ufuta, wakati wa mnada wa kwanza wa korosho, mwaka wa mafuriko fulani. Usitumie Ramadhani, kwa sababu inahama.

Andika jina la kienyeji la kila mnyama na samaki jinsi lilivyotamkwa, Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na picha yake pembeni. Jina moja linaweza kubeba samaki watatu, na samaki mmoja anaweza kuwa na majina manne kati ya Nanyumbu na Kilwa. Na waulize kina mama peke yao, mbali na wanaume. Wao ndio wanaochota maji kila siku, na ndio wanaojua kaa na konokono walipungua lini.

Hatua ya 4: Pima maji kabla hujayavuruga

Fika kituoni, usiingie majini. Pima kwanza pH, EC, joto, na hewa iliyoyeyuka kama una kipimo chake. Pima saa ileile kwenye vituo vyote, vyema asubuhi mapema.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Makaa ya mawe mara nyingi yanakuja na madini ya salfaidi ndani yake, na miamba ya kinywe nayo ndivyo ilivyo mara nyingi. Yakifukuliwa yakakutana na hewa na maji, yanatengeneza tindikali na kuachia chuma. Ishara yake ni utando wa rangi ya chungwa juu ya mawe. Maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu kabisa, tena ya kuvutia, kwa sababu hakuna kinachoishi humo. pH ikishuka chini ya 5, samaki wengi wako taabani. Lakini usisubiri pH: miamba ya chokaa inaweza kuimeza tindikali, pH ikabaki nzuri huku EC imepanda mara tatu. EC ndiyo kengele ya kwanza.

Kwenye makaa ya mawe ongeza mawili. Vumbi jeusi linalojaza nafasi kati ya mawe, mahali samaki wadogo na wadudu wanapojificha. Na seleniamu, ambayo huoni wala hunusi, inajikusanya mwilini mwa samaki na kuharibu mayai na vifaranga. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kinachotafutwa ni zebaki. Vyote viwili vinapimwa maabara kwenye minofu na ini. Weka sampuli kwenye barafu, lebo iandikwe kwa penseli, na upange na Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kuvua, maana samaki hawezi kungoja miadi.

Hatua ya 5: Vua

Kwenye maji makubwa, tega nyavu saa 12 jioni, tegua saa 12 asubuhi. Nyavu zilezile, mpangilio uleule, kila kituo, kila msimu. Kwenye vijito vyetu vya kiangazi, vyenye vidimbwi vya magotini, nyavu za kutega hazina kazi. Tumia migono usiku mmoja na kimia mchana, urushe idadi ileile kila kituo. Mimi narusha mara 20. Ukirusha 20 juu na 35 chini kwa sababu chini wanapatikana, umeharibu.

Mfano wa hesabu: nyavu 4 zimelala usiku mmoja, zimetoa samaki 36 wenye kilo 5.4. Hiyo ni samaki 9 na kilo 1.35 kwa wavu kwa usiku. Msimu ujao ukiwa na nyavu 6, bado unaweza kulinganisha. Ukiwa umeandika "samaki 36" tu, huwezi.

Kila samaki: urefu, uzito, picha ya ubavu juu ya rula, mapezi yametanuliwa. Tazama vidonda, mgongo uliopinda, matamvua yaliyopauka au yenye utando. Wazima warudishe majini. Wakiwa wengi mno, pima 30 wa kila aina, waliobaki wahesabu.

Mambo ambayo wanaoanza wanakosea hapa:

Kambale wakiwa tele, wanaandika "mto una afya". Kambale anavuta hewa ya juu, anaishi kwenye tope ambalo perege angekufa asubuhi yake. Kituo chenye kambale peke yake ni kituo cha kukitilia shaka.

Wanachanganya perege na sato. Sato wa kufugwa wametoroka mabwawani na kuzaana na perege wa asili. Tazama mkia: sato ana mistari ya kusimama iliyojipanga vizuri. Usipokuwa na hakika, andika "jamii ya perege" na uache picha iseme. Hakuna aibu. Aibu ni jina la Kilatini la kubahatisha.

Na wanasahau mamba. Ruvuma, na vina vya mito mingine, vina mamba na viboko. Huingii majini mahali ambapo mwenyeji wako anakataa kuingia. Hakuna mjadala hapo.

Hatua ya 6: Vidimbwi na viumbe vidogo

Geuza mawe kumi kwenye kila kituo, chujio likiwa chini ya mkondo, mimina kwenye ndoo nyeupe. Watoto wa kerengende, konokono, kaa, wadudu wenye mikia mitatu: hesabu aina zake. Hawa hawatembei mbali kama samaki, kwa hiyo wanakuambia kilichotokea hapohapo. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna mfumo wa TARISS wa kuupa mto alama kwa viumbe hivi vidogo, uliotengenezwa kwa mito ya Tanzania, lakini unahitaji mtu aliyefundishwa.

Usidharau vidimbwi vya masika. Kwenye mabonde ya ukanda wa pwani wapo samaki wadogo, madume yao yana rangi kama kanga mpya, wanaoishi miezi michache tu. Dimbwi likikauka wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope hadi mvua ijayo. Mkandarasi akipita Septemba anaona bonde kavu, anaweka kifusi. Ukiona bonde la udongo mweusi linalotuamisha maji, liweke kwenye ramani na urudi kulitazama masika.

Hatua ya 7: Tembea mistari

Weka mistari ya kilomita 2, mingine karibu na mgodi, mingine mbali, mingine upande ambao mgodi hautafika. Anza alfajiri, nenda polepole, kama kilomita moja na nusu kwa saa. Watu watatu: mmoja anatazama mbele, mmoja anatazama chini, mmoja anaandika. Nenda na askari wa wanyamapori wa kijiji. Liwale na Nachingwea tembo si hadithi.

Andika umeona nini: mnyama mwenyewe, nyayo, kinyesi, mlio, shimo, manyoya, mti uliokwaruzwa. Kila kitu na GPS, na mpya au ya zamani. Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha fisi, kwa sababu ya mifupa anayokula. Nyayo za palahala na kuro zinachanganya hata wazoefu. Piga picha na rula, andika "kuro au palahala", songa mbele. Muhanga humuoni, unaona mashimo. Funo na pongo wanajificha kwenye vichaka vya mtoni, kwa hiyo mstari mmoja angalau ufuate mto.

Andika tarehe ya moto. Miombo ikishaungua na majani mabichi kuchipua, wanyama wanamiminika. Ukihesabu wiki mbili baada ya moto na mwenzako akahesabu kabla yake, mtagombana bure.

Onyo kubwa: usiokote. Mwiba wa nungunungu, gamba la kakakuona, kipande cha pembe, hata kama umekikuta kimelala njiani. Hizo ni nyara za serikali, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Piga picha, acha pale pale, mwambie askari uliyenaye.

Hatua ya 8: Kamera

Ifunge urefu wa goti, ikiangalia kaskazini au kusini ili jua lisiichome asubuhi na jioni. Fyeka majani mbele yake mita tano. Mimi niliwahi kurudi Nachingwea na picha elfu nne, zote za jani moja likipungia mkono.

Saa ndiyo mtego. Kamera inaandika 07:00, msaidizi wako anaandika "saa 1". Mwezi ukipita huwezi kujua kama chui alipita asubuhi au usiku. Amueni siku ya kwanza, andikeni juu ya fomu kubwa: saa ya Kiswahili au ya kamera. Jasho la kamera ni idadi ya siku ilizokaa ikiwa hai, hesabu hadi betri ilipokufa.

Hatua ya 9: Ndege na usiku

Ndege: simama dakika 10 kila mita 200, alfajiri, na mtu anayejua milio. Bila mtu huyo, rekodi sauti kwa simu na umpelekee. Usiku tembea na tochi mstari mmoja wa mtoni.

Eneo lako likigusa misitu ya pwani, kama upande wa Rondo au Litipo, simama hapo. Komba mdogo wa Rondo, mwenye mkia kama brashi ya kusafishia chupa, yuko hatarini kutoweka, na kumtambua kunahitaji kusikia mlio wake. Mwambie msimamizi wako alete mtaalamu.

Hatua ya 10: Rudi masika

Rudia yote baada ya mvua kushika. Kiangazi peke yake ni nusu ya takwimu. Najua barabara zinakatika na bajeti imeisha. Punguza vituo vya nchi kavu kama lazima, vya maji usivipunguze. Na nakala moja ya daftari, yenye tarehe na mhuri wa mtendaji, ibaki ofisi ya kijiji. Ripoti za mradi huwa zinakwenda Dodoma na hazirudi.

Mambo yakikwama

*Sijapata samaki hata mmoja.* Andika 0, na jasho lake kamili. Sifuri ya nyavu 4 kwa usiku mbili ni takwimu. Kisha angalia: mwezi ulikuwa unang'aa? Mto uliongezeka ghafla? Kuna mtu alipita na chandarua jana?

*Vipimo vya pH vinarukaruka.* Kisawazishe upya. Kama bado, pima maji ya chupa ya dukani mara tatu. Yakiruka na hayo, kipima kimekufa.

*Majibu ya wazee yanapingana.* Sawa tu. Andika yote mawili na umri wa kila mmoja. Mara nyingi wanazungumzia miaka tofauti.

*Mgodi umenizuia getini.* Usibishane. Andika tarehe, saa na sababu uliyopewa, fanya vituo vilivyo nje ya uzio, mpe msimamizi wako taarifa siku hiyohiyo. Maji hayajui uzio, na vituo vya chini ya mgodi viko nje yake. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkiona kifusi ndani ya hizo, pima kwa tepu ya mita, piga picha.

*Nimekuta samaki wengi wamekufa.* Usikimbilie kuulaumu mgodi, na usiusafishe pia. Kwanza nusa na utazame kingo. Majani ya utupa, mmea wa kuulia samaki, yaliyotwangwa yanaacha mabaki kwenye mawe, na samaki wanakufa kwenye kina kimoja tu, kwa usiku mmoja. Sumu inayotoka mgodini inafuata mkondo, inaacha alama vituo kadhaa kwenda chini, na EC inaonyesha. Hewa ikiisha kwenye dimbwi la kiangazi, wanakufa wakubwa kwanza na kambale anabaki. Pima maji juu ya mahali penyewe, hapo hapo na chini yake, jaza chupa mbili kila mahali, chukua samaki wanaokufa badala ya waliooza, weka kwenye barafu. Piga simu kwa afisa uvuvi na kwa ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara, kabla jua halijazama. Na mwambie mwenyekiti apige mbiu watu wasiwaokote. Watoto watakuwa wameshajaza ndoo, kwa hiyo anza na wao.